Mama Yake Yuko Wapi? Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri wangu, tungekutana njiani pengine wewe ndiye ungeniamkia. Lakini mwenye shida ndiye anayebisha hodi, kwa hiyo natanguliza salamu zangu kutoka Muleba, mkoani Kagera. Ni saa nne usiku. Wajukuu wangu wanne wamelala, wawili kitanda kimoja, na mbwa wa jirani ndiye pekee anayebishana na giza. Hii ndiyo saa yangu ya kushika kalamu. Mchana kalamu zote za nyumba hii ziko shuleni.

Naanza na kosa langu, maana nimekuja kuungama kabla ya kuomba.

Mwezi wa tatu mjukuu wangu wa pili, mvulana wa miaka 9, alipanda mparachichi nyuma ya nyumba, tawi likamwacha. Mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Tulipanda bodaboda watatu, dereva mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nikiushikilia mkono uliofungwa kwa khanga, mpaka hospitali moja ambayo sitaitaja kwa sababu waliokuwamo hawakunitendea ubaya, walifuata karatasi. Daktari akasema mtoto alazwe usingizi ili mfupa urudishwe mahali pake. Muuguzi akaleta fomu. Ni binti mdogo, mstaarabu, aliniita bibi kila alipofungua mdomo.

“Mama yake yuko wapi?”

Yuko Muscat, nikamwambia, anafanya kazi za ndani.

“Na baba?”

Huyo baba mimi mwenyewe sijapata kumtia machoni.

“Sasa bibi, nani atasaini?”

Nikajionyesha kwa kidole. Mtoto huyu nimekuwa naye tangu ana miezi kumi na moja. Najua chakula kinachomvuruga tumbo, najua ndoto anazoota akilala chali. Muuguzi akanionyesha mstari: mzazi. Tukapiga simu Muscat. Simu ya binti yangu hukaa kwa tajiri wake mpaka kazi ziishe, na kazi za nyumba yenye watoto sita huisha usiku. Mtoto analia, mimi niko kwenye benchi, saa zinakwenda. Mwishowe muuguzi mwingine, mtu mzima kidogo, akainama akaninong'oneza: “Bibi, andika tu wewe ni mama.”

Nikaandika.

Nimefundisha shule za msingi miaka 36. Nimewachapa viboko watoto waliojisainia barua za wazazi wao, nikawaambia sahihi ni uso wa mtu juu ya karatasi. Nikiwa na miaka 71 nikaghushi. Mkono wa mtoto umepona, umekaa sawasawa. Sahihi ile ndiyo haijanikaa sawa.

Swali la “mama yake yuko wapi” nimeulizwa shuleni, nimeulizwa kliniki, nimeulizwa kwenye ofisi ya vyeti, na mchungaji naye aliniuliza siku ya ubatizo. Si swali baya. Hata mimi nikiwa mwalimu niliwauliza bibi wengi, na leo nikikumbuka nyuso zao naona aibu kidogo. Ila huulizwa kama ufunguo: ukiwa na jibu linalotakiwa mlango unafunguka, usipokuwa nalo unabaki barazani na mtoto mgongoni.

Sisi watu wa Kagera ulezi wa bibi hatukuusoma kwenye ripoti. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Huku kwetu ugonjwa ulikuwa bado hauna jina. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Miaka kumi baadaye kulikuwa na vibanja ambavyo kizazi chote cha katikati kimelala chini ya migomba, juu ya ardhi wamebaki wazee na watoto. Mama yangu mzazi alizika watoto watatu akabaki na wajukuu tisa. Mshahara wangu wa ualimu ulikatwa kama samaki mmoja mezani kwa watu kumi na watatu; kuna mwezi nilipata kichwa, kuna mwezi nilipata harufu.

Lakini siku zile mama yangu hakuulizwa swali. Jibu lilikuwa linajulikana. Mwalimu mkuu alijua, mganga wa zahanati alijua, padri alijua, kwa sababu makaburi yalionekana kutoka barabarani. Mashirika yalikuja na madaftari yenye safu ya yatima. Ukiwa na yatima ulipata sare, ulipata blanketi, wakati mwingine mbuzi. Neno yatima lilikuwa chungu, lakini lilikuwa kitambulisho. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure nchini, mazishi yakapungua, nasi tukadhani zamu ya bibi imekwisha.

Haikwisha. Hawa wanne walifikaje kwangu? Wa kwanza ni msichana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Yeye na mdogo wake aliyevunjika mkono ni watoto wa binti yangu wa Muscat. Wa tatu ana miaka 6, baba yake ni mwanangu aliye kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, ambako akipata hupotea na akikosa hupotea zaidi. Mama wa huyo wa tatu aliolewa kwingine, na mume mpya hakutaka “mtoto wa kuja naye”. Wa nne ana miaka 3. Mama yake, kitindamimba wangu, alifariki siku chache baada ya kumzaa.

Kati ya wanne, basi, mmoja tu ndiye mwenye kaburi la mama la kuonyesha. Na kwa huyo mmoja milango imefunguka upesi kuliko kwa wale watatu. Bibi aliyefiwa na binti yake anaeleweka. Bibi ambaye binti yake yu hai lazima ajieleze. Nikisema “wazazi wapo”, karani anafunga daftari. Kama wapo, anafikiri, basi waje. Hawaji, Mheshimiwa. Wako kazini, wako gerezani, wako kwa waume wengine, wako kwenye shimo la dhahabu, wako Dar es Salaam kwenye chumba kimoja cha kupanga ambacho mwenye nyumba hataki watoto. Wapo, lakini hawapo hapa, na mtoto yuko hapa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nimeisoma. Inasema wazazi wa kuzaa wakifariki, jukumu la mzazi linaweza kwenda kwa ndugu wa upande wowote kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Maneno hayo ya mwisho niliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa furaha: utaratibu wa kimila! Maana yake kikao cha ukoo chini ya mti, kile kilichomkabidhi mama yangu wale tisa, sheria inakiheshimu. Ila sharti ni kufiwa. Sheria imeliona kaburi. Haijaliona basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam. Wazazi wakiwa hai, njia ninayoelekezwa ni ya mahakamani, na kwa bibi wa kijijini mahakama ni nauli, ni siku tatu za kuacha shamba, ni kusimama mbele ya watu kama anayemshtaki mwanawe kwa kosa la kutafuta riziki. Sijui bibi hata mmoja hapa kijijini atakayefanya hivyo. Kuna pia mpango wa malezi ya kambo, mzuri kwa mtoto asiye na ndugu. Lakini mtu akiniita mimi mlezi wa kambo wa damu yangu mwenyewe, nitamwomba arudie, huenda sikusikia vizuri.

Wizara yako ilipotenganishwa na Afya mwanzoni mwa mwaka 2022 nilifurahi. Wazee na watoto wamepata paa lao wenyewe, nikasema, sasa atapatikana mtu wa kutuona tumekaa pamoja kama tunavyokaa. Huku chini, hata hivyo, bado ni madaftari mawili. Daftari la wazee linaandika umri wangu, presha yangu, najiweza au sijiwezi. Daftari la watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi linaandika wajukuu. Hakuna mstari unaosema kwamba huyu mzee ndiye anayewaamsha hawa watoto saa kumi na moja alfajiri. Katika daftari la kwanza mimi ni mtu wa kuhudumiwa. Katika la pili, nadhani, mimi ndiyo mazingira hatarishi.

Tazama kwenye matibabu jinsi madaftari haya mawili yanavyoikata nyumba moja vipande. Mimi mstaafu wa serikali nina kadi ya bima. Inanitibu mimi, wajukuu haiwajui. Lakini niache mimi, nina pensheni, nina cha kusema. Umtazame jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, miaka 74, hajawahi kuajiriwa, hajui kusoma, ana wajukuu watatu. Sera ya nchi inamsamehe gharama mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza. Inamsamehe pia mtoto wa chini ya miaka 5. Malaria ikiingia nyumbani kwake, yeye ana msamaha na kitoto kidogo kina msamaha. Wa miaka 7 na wa miaka 11 ndio wanaotarajiwa kulipa. Aliyepanga haya hakuwa mbaya, alipanga kwa kundi: wazee huku, watoto wadogo kule. Hakuingia ndani ya nyumba akauliza nani analala na nani.

Umekuwapo Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliotoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ilikuwa bei nzuri sana kwa mtu aliyeweza kuzishika 30,000 zote siku moja. Sasa imekuja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na mimi naiunga mkono. Ombi langu kwako ni kwamba panapokaa watu kupanga utekelezaji, mtu wa wizara yako awe mezani aulize swali moja la kijinga: mjukuu anaingia kwenye kadi ya bibi yake, au anasubiri mama arudi?

Niseme na mazuri. Shule imetuheshimu kuliko ofisi zote. Si kwa kuwa nilikuwa mwalimu; hata jirani yangu asiyejua kusoma anaitwa kwenye kikao na anapewa kiti. Fomu za shule zina ule mkwaju mdogo: mzazi/mlezi. Aliyeuweka simjui, lakini alitufikiria. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka sekondari, na kwa nyumba kama zetu hilo si dogo, ingawa uji, sare na mitihani ya majaribio havikuondoka na ada. Kazi za nyumbani ndizo zinazotutoa jasho. Mimi najitahidi, hesabu za mjukuu wangu wa darasa la sita bado hazijanishinda, Kiingereza chake kimeanza kunipita kwa mwendo wa baiskeli. Jirani yangu hushika daftari la mjukuu wake juu chini, anatikisa kichwa kwa umakini, kisha anamwambia, “Vizuri, lakini andika vizuri zaidi.” Mtoto anajua kwamba bibi hasomi. Bibi anajua kwamba mtoto anajua. Wote wawili wanaheshimu mchezo huo kila jioni, na yule mtoto ni wa nne darasani.

Kwa kuwa nimeshaanza kusema, acha niseme na yasiyoandikika kwenye fomu. Kulea ukiwa na miaka 30 na kulea ukiwa na 71 ni kazi mbili tofauti. Mwili unakataa. Magoti yangu yanatabiri mvua kuliko redio. Mtoto wa miaka 3 akikimbia kuelekea barabarani, mimi namfukuza kwa sauti tu. Watu husema mtoto wa bibi amedekezwa, na kama mwalimu nakiri nimewaona walioharibika hivyo. Lakini wengi wao hawakudekezwa. Bibi hana mbio za kumkamata mtoto, basi hujifunza kumbembeleza, na mtoto hujifunza kwamba kelele za bibi zina mwisho. Ni udhaifu wa miguu, watu wanauita ulegevu wa malezi.

Msichana wangu mkubwa alivunja ungo mwaka huu. Kwetu zamani mambo haya yalikuwa ya shangazi, si ya mama wala ya bibi mwenye mamlaka. Bibi kazi yake ilikuwa utani. Wote hao sasa ni mimi. Asubuhi ni baba mwenye kukagua viatu, mchana mama mwenye kupika, jioni shangazi mwenye kunong'ona, na usiku, kama zimebaki nguvu, ndipo ninapokuwa bibi wa kusimulia hadithi ya sungura na fisi. Utani ndio uliopotea. Mjukuu hapaswi kumwogopa bibi yake, Mheshimiwa, lakini kuna siku mmoja wao lazima aogope mtu, na mtu huyo hayupo mwingine.

Kisha kuna simu. Binti yangu hupiga siku ya Ijumaa, siku yake ya mapumziko kidogo. Watoto hugombania kioo, wote wanaongea pamoja, kisha baada ya dakika mbili hakuna mwenye la kusema. Alikuja likizo mwaka juzi baada ya miaka mingi. Mkubwa alimkimbilia. Yule mdogo, aliyemwacha na miezi kumi na moja, alisimama nyuma ya gauni langu, nikamsukuma mbele, akanyoosha mkono kwa adabu zote nilizomfundisha: “Shikamoo.” Mama yake akaitikia, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema kuni za siku hizi zina moshi.

Simlaumu. Nasema hivyo kwa sababu najua barua kama hii hupenda kusomwa kama mashtaka dhidi ya vijana. Wapo wanaotupa watoto kwa bibi kama mtu anayeacha mzigo stendi, na hao nikiwapata nitawaambia ana kwa ana, sihitaji gazeti. Lakini binti yangu anatuma. Akituma tunakula na kulipa, asipotuma tunakula ndizi. Hata ndizi zina historia yake: mnyauko wa migomba ulipoonekana hapa Muleba mwaka 2006, wapo bibi waliokata shina moja moja mpaka kibanja kikabaki uwanja, na watoto ndani wakisubiri chakula cha jioni. Sisi huku mgomba ndio pensheni ya asiyekuwa na pensheni.

Kuhusu pensheni yenyewe nitasema kwa ufupi, maana wengine wamesema kabla yangu na kwa sauti kubwa zaidi. Wenzetu wa Zanzibar wanayo Pensheni Jamii tangu Aprili 2016, kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, hata kama hakuwahi kuajiriwa; ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nao wana mpango wao wa wazee wa miaka 70, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Sisi wa Bara tunasubiri. Pesa hiyo ikifika kwa jirani yangu, hataila yeye. Itakwenda kwenye viatu vya watu watatu.

Jambo nililokuja kuliomba hasa halihitaji pesa nyingi. Ni karatasi moja.

Naomba bibi au babu anayeishi na mjukuu apewe hati ya ulezi, hata kama wazazi wa mtoto wako hai. Isitoke mahakamani. Itoke kijijini: mwenyekiti wa kitongoji athibitishe kwamba mtoto analala nyumba ile, mtendaji wa kijiji aandike, afisa ustawi wa jamii agonge muhuri. Mzazi akipatikana atoe ridhaa yake, hata kwa simu mbele ya mashahidi. Asipopatikana kwa muda mtakaoupanga ninyi, kikao cha ukoo kitoshe, kama sheria inavyokikubali kwa waliofiwa. Isiwe na ada. Na iwe na nguvu mahali pote mtoto anapopelekwa: hospitali ninapotakiwa kusaini, kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye bima, kwenye uandikishaji wa kaya maskini. Yule jirani yangu aliandikwa wakati anaishi peke yake. Wajukuu waliletwa baada ya watu wa orodha kuondoka. Kwenye orodha bado ni mtu mmoja. Kwenye sufuria ni wanne.

Cheti cha kuzaliwa ni mfano unaoniuma. Huyu wa miaka 6 alizaliwa Geita, na kadi yake ya kliniki ilipotea kwenye kuhama kwa mama yake. Nilikwenda ofisi moja mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa nilete kadi. Mara ya pili niliambiwa mama aje. Mara ya tatu karani alinihurumia, akaniagizia soda, akaniambia vilevile. Miaka kumi na miwili ijayo mtoto huyu akitaka mkopo wa elimu ya juu, ataombwa cheti hicho, na kama baba yake atakuwa amefukiwa na shimo huko aliko, Mungu apishe mbali, ataombwa na cheti cha kifo kilichohakikiwa. Wa kukimbizana na karatasi hizo atakuwa nani? Mimi nitakuwa na miaka 83, au sitakuwapo.

Najua kitakachosemwa ofisini kwako. Mtasema karatasi rahisi hufungua njia kwa wezi wa watoto, wale wanaochukua binti wa miaka 11 kijijini wakidai ni mpwa wao, kumbe wanampeleka mjini kuwa mtumishi wa ndani. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini hao wezi wanafanya kazi leo bila karatasi yoyote, na wanafanikiwa kwa sababu hakuna pahali palipoandikwa mtoto ni wa nani. Nikiwa na hati, atakayekuja kumchukua mjukuu wangu ataulizwa yake. Mtasema pia haki ya mzazi. Mzazi akirudi, hati ifutwe siku hiyohiyo mbele ya watu walewale, na mimi nitapika. Sitaki kumnyang'anya binti yangu watoto wake. Nataka niache kujifanya yeye.

Na kwenye hati hiyo uwepo mstari wa pili. Hili ndilo linaloniamsha saa nane za usiku, wala si magoti. Mstari wa kwanza jina langu, mstari wa pili jina la atakayewachukua nikifa. Tunaogopa kulitaja, kwetu kumtaja mrithi wa mlezi ni kama kumwita kifo kwa jina, na ukoo hungoja mpaka siku ya msiba, watu wamechoka, wamelewa kidogo, kila mmoja anachukua mtoto mmoja kama anayegawana kuku. Wale tisa wa mama yangu waligawanywa hivyo alipofariki. Wawili walioishi kama mapacha hawakuonana tena mpaka wamekuwa watu wazima. Fomu ikiuliza, tutajibu. Mtu huona haya kumwambia mwanawe “nikifa”, lakini mbele ya mtendaji mwenye kalamu tunasema mambo makubwa kuliko hayo.

Nimeshamuuliza mpwa wangu aliyeko Bukoba, mwalimu kama mimi. Amekubali wote wanne, pamoja. Jina lake nimeliandika kwenye karatasi ya daftari, nimelitia ndani ya Biblia, na msichana mkubwa anajua lilipo. Hiyo ndiyo hati ya ulezi ya nyumba hii kwa sasa. Haina muhuri.

Mheshimiwa Waziri, msichana huyo anamaliza shule ya msingi mwakani. Mungu akijalia atafaulu, na Januari ya mwaka unaofuata itakuja fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, kurasa nyingi, yenye sehemu ya afya ya kusainiwa kabla hajapokelewa. Una zaidi ya mwaka mmoja. Naomba fomu hiyo inikute na karatasi yako mkononi, niandike jina langu na chini yake nieleze kweli kwamba mimi ni bibi yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu, bibi wa wanne
Muleba, Kagera